Vitabu vya Busia: Vilimfaa Nani?

Yako maandiko machache juu ya shule za Afrika ya Mashariki yaliyotajwa na wengi na kusomwa na wachache kama makala ya Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, iliyotolewa mwaka 2009. Makala hiyo yahusu vitabu vya kusomea katika shule za msingi za wilaya za Busia na Teso, magharibi ya Kenya. Kila ajaye kutushauri habari za shule za maskini huwa nayo mfukoni, naye huitoa kwa neno moja tu, ya kwamba vitabu havisaidii kitu. Neno hili husemwa na wengine kwa furaha, maana asiyependa kununua vitabu hujipatia shahidi mwenye elimu. Basi tumeona yafaa kuipima makala yenyewe mbele ya walimu wenzetu: ilisema nini, haikusema nini, nasi tulio na chaki mkononi tuipokeeje.

Swali lake si la jana. Mwaka 1966 James Coleman na wenzake walitoa taarifa kubwa iliyoagizwa na serikali ya Marekani, baada ya kuwapima wanafunzi zaidi ya 600,000. Walisema kwamba tofauti za majengo, vitabu na fedha za shule zaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti za watoto katika mitihani, bali nyumba atokayo mtoto yaeleza sehemu kubwa. Watu wengi wakalifasiri neno hilo kupita kiasi, wakasema kwamba shule haina uwezo wa kumwinua mwana wa maskini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, Stephen Heyneman akaleta habari kutoka Uganda zilizokwenda kinyume. Kule mali na cheo cha mzazi vilihusiana kidogo sana na alama za mtoto wa shule ya msingi, na shule yenyewe ilionekana kuwa na nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Ndipo wataalamu wakakata shauri kwamba katika nchi ambako darasa zima laweza kuwa na kitabu kimoja tu, tena kilichokwisha kuchanika, kuongeza vitabu ni dawa iliyo rahisi na ya hakika. Wachunguzi kadhaa wa miaka ya 1970 na 1980 waliiunga mkono dawa hiyo. Huko Busia ndiko ilikotiwa katika mizani.

Mambo yalikuwa hivi. Shirika la misaada la Kiholanzi liitwalo ICS lilichukua shule 100 za vijijini, zikagawanywa mafungu manne ya shule 25, bila kutazama ipi bora na ipi dhaifu. Mwanzoni mwa mwaka 1996 fungu la kwanza lilipewa vitabu rasmi vya Kiingereza, hesabu na sayansi, kila kimoja kwa madarasa yake. Mafungu mengine yakangoja zamu yao ya kusaidiwa katika miaka iliyofuata. Ni desturi ya mkulima mwangalifu: shamba moja hulitia samadi, la jirani hulliacha kama lilivyo, kisha hupima mavuno ya yote mawili. Kremer hakuwa mgeni wa nchi, maana katika ujana wake alifundisha Kakamega. Na mwaka 2019 yeye pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa sababu ya njia hii ya kuipima misaada kwa majaribio.

Njia hiyo twaisifu, wala hatuisifu kwa adabu tu. Faida yake yaonekana vizuri katika makala nyingine ya watu hao hao pamoja na Eric Zitzewitz, ya mwaka 2004, juu ya zile chati kubwa za picha zinazotundikwa mbele ya darasa na kufunuliwa ukurasa baada ya ukurasa. Walitazama kwanza kwa namna ya zamani, yaani walizilinganisha shule zenye chati na zisizo nazo, wakaona kwamba penye chati watoto hupata alama nyingi zaidi. Kisha wakatazama kwa majaribio: shule 178, nusu yao zikapewa chati, nusu zisipewe. Tofauti ikawa hakuna. Sababu ni rahisi kuifahamu kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi shuleni. Shule iliyojinunulia chati ina mwalimu mkuu mwenye bidii na wazazi wanaochanga. Chati ni alama ya bidii yao, nayo ilikuwa ikipewa sifa isiyo yake. Ni mara ngapi tumesifu chombo, na sifa ilikuwa ya mtu aliyekitafuta! Kwa ajili ya somo hili peke yake wachunguzi hawa wastahili shukrani yetu.

Twarudi kwenye vitabu. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba wastani wa alama katika shule zilizopata vitabu haukuzidi wastani wa shule zilizokosa. Hapo ndipo wasomaji wengi walipokifunga kitabu, na hapo ndipo neno lile la mfukoni lilipozaliwa. Lakini waandishi hawakukomea hapo. Waliwapanga watoto kwa alama walizokuwa nazo kabla ya vitabu kuja, wakaona habari nyingine kabisa. Watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo walipata faida iliyo wazi. Wale waliokwisha kufika darasa la nane wakazidi kuingia sekondari. Bali waliokuwa nyuma hawakupata kitu. Kichwa cha makala chenyewe chauliza kama watoto wengi wameachwa nyuma, na ndani yake mna jibu: wengi hawakuweza kuvisoma vitabu vile, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa walio wengi ni lugha ya tatu.

Yafaa tukae kidogo juu ya jambo hili. Mtoto wa Busia huzaliwa katika Kisamia au Kiteso au lugha nyingine ya kwao. Kiswahili hukiokota sokoni na shuleni. Katika madarasa ya chini mpango wa serikali waruhusu lugha ya nyumbani. Kuanzia darasa la nne somo la hesabu, somo la sayansi na mengineyo hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto ambaye baba yake ni karani au mwalimu amekwisha kukisikia Kiingereza nyumbani. Amewahi kuona gazeti mezani. Akipotea njia katika ukurasa wa kitabu yupo wa kumshika mkono. Mwana wa mkulima asiyejua kusoma akipotea hukaa hapo alipopotea. Mkabidhi kila mmoja wao kitabu kile kile siku ile ile, nawe utakuwa umewapa vitu viwili visivyo sawa.

Kwa hiyo kusema kwamba makala hii imethibitisha vitabu havisaidii ni kuisingizia. Ni mithili ya mtu aliyeweka chakula juu ya uchaga mrefu, akaona watoto warefu wameshiba na wafupi wana njaa, akapiga hesabu ya matumbo yote kwa pamoja, akaandika kwamba chakula hakishibishi.

Tuna kipimo kingine, nacho kilitolewa Marekani mwaka 1979 na Ronald Edmonds, mtu aliyekuwa na uchungu na shule za maskini wa mijini. Yeye aliwajibu waliomfasiri Coleman kwa kukata tamaa. Alitafuta shule ambamo watoto wa maskini walikuwa wakijua kusoma na kuhesabu, akazikuta, akaeleza zilivyo: mwalimu mkuu anayeongoza kweli, walimu wanaoamini kwamba kila mtoto aweza kujifunza, utulivu, mafunzo ya kusoma yakitangulizwa mbele ya mengine, na maendeleo ya watoto yakiangaliwa mara kwa mara. Wengine wameitoa makosa orodha yake, nasi twakubali kwamba kuona shule njema ina mwalimu mkuu hodari si kujua jinsi ya kumpata mwalimu mkuu hodari. Tena ina upungufu ule ule wa zile chati, kwa maana haikupatikana kwa majaribio. Lakini kipimo chake chafaa kushikwa. Alikataa kuiita shule yoyote njema mpaka watoto wa maskini waliomo wamefikia kiasi kile cha ujuzi ambacho kwa watoto wa wenye nafasi huhesabiwa kuwa ndicho cha chini. Hakuuliza wastani.

Na hili ndilo kosa letu la kwanza juu ya makala ya Busia: wastani umetangulizwa, watoto wamefuata nyuma. Wenye makala wangetangulia kusema kwamba vitabu hivi viliwafaa walio mbele na kuwapita walio nyuma, hakuna mshauri angaliweza kuifanya fupi kiasi cha kutia mfukoni. Waandishi wenyewe wajua hivyo. Karibu na mwisho wasema wazi kwamba mpango wa masomo wa Kenya uliundwa ukimkusudia mtoto hodari, nao wataja urithi wa ukoloni, kuongezeka kwa haraka kwa watoto wa kila namna shuleni, na nguvu za wakubwa katika kuamua mambo ya elimu. Hayo ni maneno mazito. Yangestahili kuwa mlango wa nyumba, nayo yamewekwa uani.

La pili ni kwamba mwalimu haonekani. Vitabu vinaingia shuleni, alama zinatoka, na katikati pana giza. Mwalimu mwenye watoto 60 au 70 alifanya nini asubuhi ile alipovikuta vitabu vipya mezani? Aliendelea kuandika ubaoni na watoto kunakili? Alimpa nani asome kwa sauti? Kila aliyefundisha ajua kwamba katika darasa kubwa macho ya mwalimu huenda kwa watoto watano au sita wajuao jibu, kwa kuwa wao ndio wanaolisogeza somo, na somo lazima lisogee, maana mtihani una tarehe yake. Kitabu kipya mikononi mwa hao sita hulifanya somo likimbie zaidi. Je, walio nyuma walibaki palepale, au walizidi kuachwa? Alama zasema walibaki. Tungependa kuyasikia masimulizi ya walimu pia.

La tatu ni lugha. Waandishi waligundua ukuta, wakauonyesha kwa kidole, wakapita. Katika uchunguzi ule hakuna fungu la shule lililopewa kitabu chepesi zaidi, wala kitabu kilichoandikwa kwa lugha ambayo mtoto anaijua, ili tupate kuona kama kosa lilikuwa la kitabu au la lugha yake.

Haki yataka tuseme kwamba wachunguzi hawakuondoka Busia. Walirudi na majaribio mengine, na mawili ni lazima tuyataje kwa kuwa yanafungua fumbo hili kwa funguo mbili zisizofanana. Moja lilikuwa la kuwapa walimu zawadi za vitu, wanafunzi wao wakifanya vizuri katika mitihani. Glewwe na Kremer pamoja na Nauman Ilias waliandika habari zake mwaka 2010. Shule 50 zilitiwa katika mpango huo. Alama zikapanda katika mitihani iliyohusika na zawadi, walakini walimu hawakuzidi kuhudhuria darasani. Walichozidisha ni vipindi vya kuwaandaa watoto kwa mtihani, na faida yake haikudumu. Hatukushangaa. Ukimwona mwalimu kuwa mtu wa kuvutwa kwa zawadi, atakupa kile unachokipimia, wala si kile ulichokitaka.

La pili ni zuri zaidi, na kwa maoni yetu ndilo jibu hasa la swali la vitabu, ijapokuwa halikutangazwa hivyo. Lilianza mwaka 2005 katika sehemu hizo hizo za magharibi, na habari zake zilitolewa mwaka 2011 na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer. Shule 121 zilizokuwa na mkondo mmoja wa darasa la kwanza zilipata mwalimu wa pili, wa mkataba. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa alama zao, walio mbele upande mmoja, walio nyuma upande mwingine; katika 61 waligawanywa bila kutazama alama. Baada ya miezi 18 watoto wa zile shule 60 walikuwa wamewapita wenzao. Tena si walio mbele tu. Na walio nyuma, ambao kila mtu angedhani watadidimia kwa kukosa wenzao hodari, nao walipanda. Mwaka mmoja baada ya mpango kwisha faida ilikuwa ingalipo. Waandishi waeleza kwamba mwalimu aliyekuwa na watoto wanaokaribiana aliweza kulishusha somo mpaka walipo.

Habari hii twaipokea kwa furaha, na kwa hadhari. Kuwatenga watoto wa darasa la kwanza kwa miezi 18 si sawa na kumpa mtoto jina la mjinga mpaka darasa la saba. Wazazi hujua upesi lipi ni darasa la walioshindwa, na watoto hujua kabla ya wazazi. Katika kijiji chenye watu wa koo na makabila mbalimbali, kugawanya kwaweza kugeuka kuwa upendeleo kabla ya muhula kwisha. Sisi tungelitwaa lile lililo ndani ya jaribio, yaani somo kumfuata mtoto alipo, wala tusingelitwaa ganda lake bila kufikiri.

Tena kuna onyo lililofuata. Yule mwalimu wa mkataba, aliyefanya vizuri katika shule za majaribio, aliletwa katika mikoa yote minane ya Kenya iliyokuwapo wakati ule. Baadhi ya shule ziliangaliwa na World Vision, nyingine na serikali. Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu, Alice Ng'ang'a na Justin Sandefur walieleza matokeo katika makala ya mwaka 2018: penye shirika watoto walipata faida, penye serikali hawakupata kitu. Mpango ulikuwa ule ule kwenye karatasi. Mishahara iliyochelewa, usimamizi uliolegea, na ugomvi juu ya ajira ya walimu hao havikuandikwa kwenye karatasi. Msomaji asidhani twaidharau serikali. Shule nyingi za maskini ni za serikali, na dawa isiyoweza kupita mikononi mwa serikali haitawafikia wagonjwa wengi.

Walimu wa Tanzania waweza kusema kwamba mambo ya lugha hayawahusu, maana huko Kiswahili ndicho kinachofundishiwa katika shule za msingi za serikali. Hapo yafaa tutazame uchunguzi wa Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao, wa mwaka 2019. Mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya kumi, baadhi ya shule zilipewa fedha, shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Nyingine hazikupewa fedha hizo, bali walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Nyingine zikapewa yote mawili. Fedha peke yake, ambazo kwa sehemu kubwa ni vitabu na vifaa, hazikuongeza alama. Ahadi peke yake iliongeza kidogo tu, wala si kwa hakika. Vyote viwili pamoja viliongeza waziwazi, zaidi ya jumla ya kimoja na kingine.

Basi lugha siyo ukuta wote. Mtoto wa Tanzania aweza kupewa kitabu cha Kiswahili na bado kikawa juu ya uchaga, kwa kuwa hajajua kuunganisha silabi na mwalimu amekwisha kuvuka. Twakiri pia kwamba matokeo haya yanayapunguza makali ya maneno yetu juu ya zawadi. Huenda malipo yana nafasi yake pale ambapo mwalimu ana vyombo, na pale kinachopimwa ni kusoma kwenyewe. Lakini asijisifu mtu upesi juu ya lugha. Mtoto huyo akiingia kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza katika karibu kila somo, na hapo Busia humngoja yeye naye, miaka michache baadaye.

Mwisho tutaje vitabu vilivyofaa, maana vipo. Huko Kenya, kabla ya mpango wa Tusome kuenezwa nchi nzima mwaka 2015, Benjamin Piper na wenzake walijaribu mafungu matatu: walimu kufundishwa na kutembelewa tu, kufundishwa pamoja na kila mtoto kupata kitabu chake, na hayo yote pamoja na mwongozo wa mwalimu wa kila somo. Katika makala yao ya mwaka 2018 wasema kwamba fungu la tatu ndilo lililowafaa watoto zaidi. Vitabu hivyo vilikuwa vya kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa madarasa ya kwanza, vyepesi, vikipanda hatua kwa hatua, mtoto mmoja kitabu kimoja. Naye afisa wa elimu akaja darasani kuwasikiliza watoto wakisoma. Mwalimu hodari aweza kunung'unika kwamba mwongozo unamfunga mikono, nasi twamsikia. Mwalimu mpya aliyetupwa peke yake mbele ya watoto 80 hanung'uniki.

Ule mtihani wa darasa la nane uliotumiwa kuwapima watoto wa Busia ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na Kenya ina mpango mpya wa masomo pamoja na vitabu vyake vipya. Atakayekwenda kuvipima tungemwomba aanzie benchi la nyuma: amwite mtoto wa mwisho katika orodha ya darasa la tano, amfungulie ukurasa wowote wa kitabu cha sayansi, akae kimya amsikilize, kisha amwulize mwalimu wake ni lini alimsikiliza hivyo; na majibu ya wote wawili ayachape katika ukurasa wa kwanza, kabla ya wastani.